Kijiji Hakina Jiko

Twilumba alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua maharage kwenye kibaraza cha nyumba yangu hapa Mbalizi, akaniambia mambo matatu. Kwamba mama yake amefariki. Kwamba mazishi ni Alhamisi, baada ya ibada. Na kwamba nisiwe na wasiwasi, maji yapo. Nilimpa pole, nikauliza yale ambayo mtu huuliza, nikakata simu, nikarudi kwenye maharage yangu. Nilipofika katikati ya ungo ndipo lile neno la tatu liliponirudia. Kwa mtu mwingine lingekuwa neno la kawaida la msiba, maana penye msiba kuna kupikia watu mia, kuna kunawa, kuna kumwosha marehemu. Lakini Twilumba alikuwa ananiambia mimi, na kati yangu na nyumba yao maji hayajawahi kuwa jambo dogo. Nililia pale pale, ungo ukiwa mapajani, jirani akidhani nimefiwa na ndugu wa damu. Sikumsahihisha.

Nilikozaliwa na nani alinilea nitayaacha, maana hayana kazi katika sura hii. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minne, natokea Mbeya, nimemaliza chuo pale Iringa mjini na cheti bado kinanukia wino, nikapewa kijiji kimoja cha milimani kinachoitwa Luvanga niwe bibi maendeleo wao. Ilikuwa ile miaka serikali ilipoanza kusema neno kuchangia. Kabla ya hapo maji yalikuwa ya serikali, dawa za serikali, shule za serikali, na mtu akiuliza kwa nini bomba limekauka alijibiwa kwamba serikali inashughulikia. Sasa tuliambiwa serikali imechoka kubeba kila kitu peke yake, na wananchi nao washike upande wao wa mzigo. Chuoni, mwalimu wetu wa uchumi, mtu mfupi asiyevua koti hata jua likiwaka, alitufundisha kwamba kitu cha wote kina ugonjwa wake. Kila mmoja akijua kwamba maji yatamfikia hata asipochimba, atakaa nyumbani asubiri wenzake wachimbe, na wenzake nao watakaa, na maji hayatakuja. Dawa yake, alisema, ni kupima. Mpimie kila mtu sehemu yake, iandike, na asiyeifanya aadhibiwe. Niliyaandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu, nikaenda nayo Luvanga nikiyaamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Uongozi wa kijiji ulinitafutia chumba kwa Mama Twilumba, mjane wa umri wa mama yangu, ambaye wanawe wakubwa walishaondoka na alibaki na kitindamimba wake, Twilumba, wa miaka sita. Chumba changu kilishikana na jiko. Ukuta wa kati haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo moshi wa kuni za paini na kila kilichosemwa jikoni viliingia kwangu bila hodi. Mwezi wa sita Luvanga kuna baridi ya kugonganisha meno, na baada ya wiki ya kwanza niliacha kujifanya mgeni, nikawa nashinda jikoni kwenye kigoda, nakula ugali wa moto kwa majani ya maboga, au viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, chumvi pembeni. Mama Twilumba alikuwa anachechemea. Miaka miwili kabla yangu aliteleza kwenye njia ya korongoni akiwa na ndoo kichwani, nyonga ikaunga vibaya, na bado alishuka kule mara tatu kwa siku kwa sababu maji hayakuwa kwingine. Jioni moja, akimenya viazi, aliniambia kwamba mguu ule ameshaupigia hesabu. Korongo lile alibakiza nalo mwaka mmoja, labda miwili. Baada ya hapo ingebidi afunge nyumba yake aende mjini kwa mwanawe, akakae kwenye kochi la mkwewe kama mgeni mpaka afe. Alisema hivyo akaendelea kumenya. Nilimwahidi kwamba maji yatafika mlangoni kwake, tena mwaka ule ule. Nilikuwa na umri ambao mtu hutoa ahadi kirahisi.

Fundi wa maji wa wilaya aliitwa Sanga, mtu wa Makete mwenye miaka hamsini na kitu, aliyetembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Alikuwa amelaza mabomba katika nusu ya vijiji vya wilaya ile, na neno kuchangia hakulipenda hata kidogo. Siku ya kwanza tulipopanda msituni kuona chanzo cha maji, alisimama kuvuta pumzi akaniambia, “Zamani serikali ilileta mabomba, ikaleta saruji, ikaleta na watu wa kuchimba. Mwaka huu imekuleta wewe.” Nilicheka, ila iliniuma. Kisha akanieleza masharti. Mabomba yalikuwa kwenye yadi ya wilaya, tayari. Kijiji kilitakiwa kuchimba mtaro, kilomita tatu na nusu, kina cha kiuno, kutoka msituni mpaka penye tangi. Kijiji cha ng'ambo ya kilima nacho kiliyataka mabomba hayo hayo, na wilaya ilishaamua kwamba atakayemaliza mtaro kwanza ndiye atakayeyapata. Na ilitakiwa iwe kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu barabara ya Luvanga ikilowa lori halipandi. Baada ya hapo hakuna aliyejua mabomba mengine yangepatikana lini.

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilikata kamba ya katani urefu wa hatua kumi na mbili, nikapima mtaro wote kutoka juu mpaka chini, na kila mwisho wa kamba nikachomeka kigingi chenye namba ya rangi nyekundu. Kila kaya ikapewa namba yake. Sheria ndogo ikaandikwa: asiyemaliza kipande chake kwa muda uliowekwa atoe kuku mmoja. Mkutano ulinisikiliza kimya. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kalinga, akauliza kama kuna mwenye swali, hakukuwa na swali, wakapiga makofi. Nikaandika kwenye daftari kwamba wananchi wameafiki kwa kauli moja. Leo najua kwamba kule kuna namna ya kukubali ambayo ni adabu tu kwa mgeni, na kimya kile kilikuwa kimejaa maneno. Ila wakati ule nilishuka jukwaani nikijisikia mkubwa kama mkuu wa wilaya.

Mwezi wa saba walichimba. Waliopata udongo mwororo walimaliza kwa siku mbili wakarudi kwenye vinyungu vyao, zile bustani za bondeni wanazolima kiangazi, na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama jirani. Kwa nini ageuze? Namba yake ameshaifuta. Walioangukia mwamba walipiga sururu mpaka mpini ukavunjika, wakakaa chini. Wengine walichimba kina cha goti wakafukia mdomo kwa majani ili nisione. Mwezi wa tisa ulipoanza, mtaro wangu ulikuwa kama mdomo wa mzee, jino hapa, pengo pale. Kutoka ng'ambo ya kilima tukasikia kwamba wenzetu wamebakiza kipande kidogo tu. Fundi Sanga alikuja, akautembea mtaro wote, akaondoka hata chai hakunywa.

Nikaona dawa haijakolea, nikaongeza dozi. Mimi, Mzee Kalinga na mgambo mmoja tukazunguka nyumba kwa nyumba kukamata kuku. Tulipata kumi na mmoja, tukawafungia kwenye stoo ya ofisi ya kijiji. Wa kumi na mbili alikuwa wa Mama Twilumba. Kigingi chake kilikuwa namba arobaini na moja, na chini ya arobaini na moja kulikuwa na mwamba mtupu. Alikuwa amekwenda pale mara nne na nyonga yake ile, akapasua mawe ya kujaza karai moja. Mzee Kalinga alinivuta pembeni akasema kwa huyu tufumbe macho. Nilikataa. Nilisema sheria ikiishia kwenye mlango wa nyumba ninayolala, nani ataiheshimu? Nilijiona mwadilifu kweli kweli. Mama Twilumba aliingia bandani mwenyewe, akamkamata yule tetea wake mwekundu, akanikabidhi kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa mgeni zawadi. Chakula cha jioni aliniandalia kama kawaida. Hasira yake ningeiweza. Ule upole ulinishinda, na mpaka leo nikikumbuka ile mikono miwili naona aibu usoni.

Siku mbili baadaye mafua yalinilaza. Ilikuwa mchana wa ukungu, nami nimejikunyata chini ya blanketi, nikasikia wanawake wanaingia jikoni, saba au wanane, wamekuja kumsaidia Mama Twilumba kupukuchua mahindi. Wiki iliyotangulia watu thelathini walikuwa wamemlimia shamba lake lote kwa asubuhi moja. Wenyewe wanaita mgowe: mtu anapika pombe na chakula, anaita watu, wanamfanyia kazi iliyomshinda, na kesho ni zamu ya mwingine. Walichanganya Kihehe na Kiswahili, wakataniana, punje zikadondoka kwenye ungo, kisha mmoja akasema, “Huyu binti anasema mtaro ni wetu. Wetu sisi nani? Mwenye shamba namuona. Mwenye mtaro mbona simuoni?” Wakacheka. Mama Twilumba akawaambia wapunguze sauti, mgonjwa amelala. Mgonjwa alikuwa macho kodo, anatazama bati.

Walipoondoka nilitoka na blanketi langu, nikakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza, “Mama, hawa waliokulimia shamba, mbona hawakuja kukusaidia kule kwenye arobaini na moja?”

“Nani awaite?”

“Si ungewaita wewe.”

“Shambani kwangu nawaita. Kule ulinipa kigingi tu.”

“Basi mtaro ni wa kijiji. Kijiji kiwaite.”

Aliacha kupepeta. “Kijiji hakina jiko, mwanangu,” akasema. “Mgowe unaitwa na mtu mwenye jiko. Amepika, watu wanajua wanakwenda kwa nani. Na asiyekwenda anajua kesho atapishana na nani njiani.”

Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba mwenye mgowe ndiye anayeshika jembe wa kwanza na kula wa mwisho. Asiyefika, mwenye mgowe humfuata kwake kumuuliza kama anaumwa, wala hamnyang'anyi kitu. Na haketi. Wengine wote wanaweza kukaa wakapumzika, lakini mwenye mgowe haketi mpaka kazi iishe. Nikauliza kijinga, “Na serikali je?” Akacheka mpaka akashika ubavu. “Serikali si ndiyo wewe? Na jiko unalo. Hili hapa.”

Nilipopona nilikwenda wilayani kuomba msaada. Mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniambia kwamba kuna kifungu cha semina, kuna kifungu cha karatasi, kuna hata kifungu cha mafuta ya gari ambalo liliharibika mwaka juzi, lakini kifungu cha pombe ya wananchi hakipo na hakitakuwepo. Nilirudi Luvanga nimekaa juu ya magunia kwenye lori la mbao, nikiangalia mawingu yanavyojikusanya upande wa milima, na katikati ya ile safari nikafanya uamuzi. Nilikuwa na redio, kitu pekee cha thamani nilichokuwa nacho, ndiyo iliyonipa habari na muziki katika baridi ile. Nilimpelekea mwenye duka, akanipa gunia la mahindi na debe la ulezi. Watu wengine wamejenga nchi kwa mikopo mikubwa. Mimi mchango wangu ulikuwa redio ya betri nne, na sikuijutia hata siku moja, ingawa mwezi mzima masikio yaliniwasha.

Kabla ya kupika nilirudisha kuku. Niliwarudisha mchana kweupe, nyumba kwa nyumba, kuku mmoja kila kwapa, huku watoto wakinifuata nyuma. Kila mlango nilisema nilikosea. Tetea mmoja alikuwa ametaga mayai sita juu ya majalada ya ofisi, nikayapeleka na hayo. Mzee mmoja alikataa kumpokea jogoo wake mpaka niingie ndani nile kiazi, na ndani kwake nikaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba namba zangu zilikuwa zimewatenganisha ndugu wawili waliozoea kulima pamoja tangu utoto. Halafu tukaanza kazi ya jikoni. Mama Twilumba alinifundisha kuloweka mahindi mpaka yachipue, kuyaanika, kuyasaga, kupika uji mkubwa kwenye pipa na kuuchachusha kwa kimea cha ulezi. Nimelelewa katika nyumba ya kilokole ambamo pombe haikutajwa hata kwa jina, na hapo nilikuwa nimeshika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, natoka jasho juu ya pipa. Mwinjilisti wa kijiji alikuja kusimama mlangoni. Akauliza kama aliyoyasikia ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akauliza kama wasiokunywa wamefikiriwa. Mama Twilumba akamwonyesha chungu cha togwa, kikubwa kuliko pipa letu. “Basi nitakuja na beleshi langu,” akasema, na akaja nalo.

Siku ya mgowe niliamka nikiwa na hofu kwamba hatakuja mtu. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye kigingi namba arobaini na moja, kwa sababu mwenye mgowe huanza, nikapiga sururu kwenye ule mwamba, ikarudi na cheche. Nikapiga tena. Nilipoinua kichwa walikuwa wanapanda kilima, wanaume na wanawake, na Fundi Sanga katikati yao amevua shati. Hawakuuliza namba. Waling'oa vigingi vyangu wakavitupa kwenye moto, maana walikuwa wameshawasha moto juu ya mwamba. Ulipowaka vya kutosha, wanawake wakaumwagia maji waliyopanda nayo kutoka korongoni, mwamba ukalia na kupasuka, wanaume wakaingiza mataimbo. Kipande kilichonishinda miezi mitatu kilipita kabla ya saa sita. Waliimba nyimbo za shamba na kunitia mimi ndani yake, bibi wa kuku, bibi wa kamba, nami nikacheka mpaka machozi. Sikuketi. Nilikula wa mwisho, ukoko wa ugali na mchuzi wa maharage uliobaki chini ya sufuria, na sijawahi kula kitu kitamu vile. Watu walipokuwa wanatawanyika, mke wa Mzee Kalinga alisimama akasema Jumatano ni kwake. Yule mzee wa jogoo akasema Jumamosi ni kwake. Kitongoji cha juu, kwa kuona wivu, kikachukua siku mbili.

Tulimaliza mtaro wenzetu wa ng'ambo wakiwa bado wanabishana juu ya faini zao. Mvua ya kwanza ilinyesha siku lori lilipokuwa njiani, likakwama kilima cha mwisho, na kijiji kizima kikashuka kubeba mabomba mabegani. Fundi Sanga alilaza mabomba yote, akafunga vali na koki, na mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, maji yalitoka uani kwa Mama Twilumba, kwanza hewa, kisha matope mekundu, kisha maji. Alinawa uso. Akanawa na ule mguu, polepole, kwa muda mrefu, bila kumtazama mtu. Fundi Sanga alisimama kando yangu akachomoa barua mfukoni. Alikuwa amepunguzwa kazi. Barua alikuwa nayo tangu mwezi wa kumi, na alikuwa amefanya kazi yote ile bila kuniambia. “Kwenye ripoti yako andika hivi,” akasema. “Mgowe umechimba mtaro. Lakini mgowe hautengenezi bomba, na vali ikifa mgowe haujui hata ilipo. Hapo anatakiwa mtu wa serikali, anayelipwa ili akumbuke.”

Niliandika nusu ya kwanza. Nusu ya pili niliiacha, kwa sababu nilijua wakubwa wangu wanataka kusikia nini mwaka ule. Ripoti ile ilinifaa sana. Ilinipeleka masomoni, ikanihamishia Mbeya, ikanipa meza na baadaye ofisi yenye zulia. Katika maisha yangu ya kazi nimekaa kwenye vikao vingi na watu wa aina mbili, wale wanaotaka serikali ifanye kila kitu na wale wanaotaka ijiondoe kwenye kila kitu, na wote wamenichosha, maana wote hawajawahi kushika taimbo pale Luvanga. Lakini mimi niliyelishika ndiye niliyefanya vibaya zaidi. Miaka kama kumi baada ya ule mtaro, kwenye kikao cha kanda, nilisimama nikasimulia habari hizi, watu wakacheka kwenye kuku, wakapiga makofi kwenye mgowe, na mwishoni nikapendekeza kwamba mafundi wa maji wa kata waliobaki waondolewe, kwa kuwa wananchi wanaweza wenyewe. Pendekezo lilipita. Muda si mrefu ikazungushwa orodha ya miradi iliyokufa, na kwenye ukurasa wa pili niliona jina Luvanga. Nikajiambia itakuwa Luvanga nyingine. Nilijua kabisa kwamba hakuna Luvanga nyingine. Nikageuza ukurasa.

Alhamisi ile nilishuka barabara kuu, nikapanda kilima kwa bodaboda, nikafika ibada ikianza. Wanawake walikuwa wamejipanga na ndoo kwenye koki ya uani, ile ile. “Kamwene,” wakanisalimu kwa salamu ya kule, nami nikaitikia. Tulipotoka makaburini Twilumba, ambaye sasa naye ana mvi, alinikalisha jikoni kwenye kigoda, akaniambia yaliyobaki. Maji yalikatika miaka minne. Vali ya juu ilijaa mchanga na hakukuwa na fundi. Mama yake alirudi korongoni na kidumu cha lita tano, akishuka kwa makalio pale penye utelezi, na mjini akakataa kwenda. Watu walipolalamika aliwajibu, Bibi Maendeleo hajasikia tu, akisikia atakuja. Mwisho akamtumia salamu Fundi Sanga huko Makete. Mzee yule alikuja na bisibisi yake, kwa nauli yake, akakaa siku tatu msituni, maji yakatoka, na kila mwaka baada ya hapo alirudi kukagua, bure, mpaka kifo chake. Sasa bomba limefungwa mpira wa baiskeli sehemu tisa, tangi linavuja, na barua ya kijiji ya kuomba fundi haijajibiwa.

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia, “Twilumba, nilisikia.” Nikamweleza kikao, orodha, na ukurasa niliougeuza. Aliyasogeza kwa kijiti majivu ya jiko la mama yake. Kisha aliinuka, akaenda mlangoni, akachomoa kipande cha mti kilichokuwa kinazuia mlango usijifunge, akakifuta kwenye kanga yake. Kilikuwa kigingi. Moto wa siku ile haukukipata. Namba nyekundu ilikuwa imefifia lakini ilisomeka, arobaini na moja. “Basi sasa umekuja,” akasema, akanipa kwa mikono miwili.

Sikurudi Mbalizi baada ya matanga. Niliwasha moto katika lile jiko, nikaloweka mahindi kwa ajili ya mgowe wa kuziba tangi, na yakiwa bado yanachipua nikapanda gari kwenda ofisi za wilaya nikiwa na kigingi kwenye mkoba. Kijana aliyenipokea alikuwa na heshima zote, akaniita mama, akaniamkia shikamoo. Akanieleza kwamba nafasi ya fundi inategemea bajeti, kwamba kijiji kiandike upya, kwamba kuna utaratibu, na utaratibu wenyewe niliufahamu vizuri kwa kuwa baadhi yake niliuandika mimi. Nilimwambia nitakuja kesho, na kesho kutwa, na kila siku ya kazi mpaka fundi apatikane. Akafungua daftari la wageni, akauliza kwa upole mimi ni nani katika mradi ule, mwenyekiti au mjumbe wa kamati. Niliweka kigingi juu ya meza yake. “Mimi ndiye mwenye mgowe,” nikamwambia. Aliandika, bila kuelewa, kisha akanivutia kiti. Nikamshukuru, nikabaki nimesimama.